KICHWA CHA MASHINI YA KUKATA NYASI: TUCHAGUE KIPI?



Wenzetu wanaokata nyasi kwenye mashule, zahanati na ofisi za Arua na Koboko wametuuliza swali moja mara nyingi: mashini ya kukata nyasi, ile ya kubeba kwa mkanda begani, ifungwe kichwa gani? Wengine wameambiwa dukani kwamba vichwa vyote ni sawa. Wengine wamepewa na msimamizi kisu cha chuma, wakaambiwa kikate kila kitu, kuanzia nyasi laini za mbele ya ofisi mpaka vichaka vya nyuma ya choo. Tumekaa na wakataji wenyewe na mafundi wanaotengeneza mashini hizo, na hapa tunaeleza jinsi tunavyoliona jambo hili. Ndugu zetu wa mashamba ya miwa na chai, na wale wanaotunza viwanja vya viwanda, wasiupite ukurasa huu. Mashini ni hiyo hiyo, na jicho la mfanyakazi ni hilo hilo.

Zamani kazi hii yote ilikuwa ya slasha, yaani fyekeo, na mahali pengi bado ni ya slasha. Slasha haina kichwa cha kuchagua. Unainoa, unainama, unapiga. Mashini ilipokuja ilileta haraka, lakini ilileta pia mambo ambayo slasha haikuwa nayo: kelele, mtetemo, petroli, mawe yanayoruka, na gharama ya vipuri. Karibu kila moja ya mambo hayo linapungua au linaongezeka kwa kutegemea kitu kidogo kilichofungwa mwisho wa bomba. Ndiyo maana tunasema kichwa si jambo la fundi peke yake, ni jambo la mfanyakazi na mkataba wake wa kazi.

Yafaa kwanza kujua uzi ulianzaje kukata nyasi, maana ukielewa hilo utaelewa mengine yote. Mwaka 1971, katika mji wa Houston, Marekani, mtu mmaja aitwaye George Ballas aliona brashi za nailoni zikizunguka na kuosha gari, akafikiri kwamba kitu laini kikizungushwa kwa kasi kinaweza kufanya kazi ya kisu bila kuumiza maganda ya miti. Alichukua kopo la bisi, akalitoboa, akapitisha nyuzi za kuvulia samaki, akalifunga kwenye mashini ya kukatia kingo za nyasi. Nyasi zikakatika. Ukishika uzi wa nailoni mkononi hauwezi kukata hata jani moja. Kinachokata ni mwendo.

Tupige hesabu. Mashini ikizunguka mara 7,000 kwa dakika, na ncha ya uzi ikiwa sentimita 20 kutoka katikati, ncha hiyo inapita kiasi cha mita 146 kwa kila sekunde. Ni zaidi ya kilomita 500 kwa saa. Hakuna basi la Kampala linalokimbia hata robo ya mwendo huo. Sasa fikiria kokoto ya murramu inayopigwa na kitu chenye mwendo huo, kisha fikiria mtoto wa shule aliyesimama hatua kumi kutoka hapo. Watengenezaji wa mashini hizi huandika kwamba mtu mwingine yeyote akae umbali wa mita 15. Kwenye uwanja wa shule mita 15 ni ngumu kuzipata wakati wa mapumziko, kwa hiyo kazi ifanyike watoto wakiwa darasani, na upande wa madirisha uachiwe slasha.

Basi tuje kwenye kuchagua. Wengi huanza dukani, nasi tunasema anza chini, kwenye ardhi yenyewe. Tembea eneo lote kabla ya kuwasha mashini. Je, kuna mawe? Kuna mabaki ya matofali, nyaya za uzio, chupa? Nyasi ni laini za kupandwa, au ni zile ndefu ngumu tunazoezekea nyumba? Kuna kuta, miti michanga, mabomba ya maji? Huku kwetu mvua huanza kiasi cha mwezi wa nne na kuendelea mpaka wa kumi na moja, na nguvu yake kubwa ni kuanzia wa nane hadi wa kumi. Uwanja uliokuwa mwepesi mwezi wa tano unaweza kuwa msitu mwezi wa tisa ikiwa tajiri alichelewa kutoa kazi. Kichwa kilichofaa mara ya kwanza huenda kisifae mara ya pili katika uwanja ule ule.

Kichwa kinachoonekana zaidi madukani ni cha kugonga. Ndani yake kuna bobini, kama ile ya cherehani lakini kubwa, yenye mita kadhaa za uzi, pamoja na springi na kitufe kinene upande wa chini. Uzi ukiisha urefu, mkataji anagonga kichwa chini kidogo huku mashini ikizunguka. Springi inaachia, uzi unatoka sentimita chache kila upande, na kisu kidogo kilicho kwenye kinga kinaukata uwe sawa. Mkataji haachi kazi wala hazimi mashini. Kwa uwanja mkubwa wa nyasi za wastani usio na mawe mengi, kama viwanja vya ofisi na vya makanisa, hiki ndicho kinachomwezesha mtu kumaliza kabla jua halijawa kali.

Lakini kina magonjwa yake, na huku West Nile magonjwa hayo yanakuja upesi. Kitufe kinachogongwa juu ya murramu kinalika kama soli ya kiatu. Vumbi jekundu linaingia ndani na springi inakwama. Matundu ambamo uzi unatokea, yale tunayoyaita macho, yakiwa ya plastiki tupu yanachimbika mpaka uzi unakatikia mlangoni. Tena joto la kazi linaweza kuyeyusha nyuzi zikashikana ndani ya bobini. Mkataji anagonga na kugonga, hakuna kinachotoka, hasira inampanda, anagonga kwa nguvu zaidi, na kichwa kinapasuka. Halafu msimamizi anasema mfanyakazi ameharibu mali.

Kwa hiyo ukinunua au ukinunuliwa kichwa cha kugonga, kifungue pale pale dukani. Tazama kama macho yake yana pete za chuma, na kama pete hizo zinaweza kubadilishwa zikiisha. Bonyeza kitufe: kirudi chenyewe bila kusita. Pima unene wa kitufe kwa kidole, maana kitufe chembamba hakimalizi msimu. Uliza kama bobini, springi na kitufe vinauzwa peke yake. Muuzaji akikuambia ni lazima ununue kichwa kizima kila kinapoharibika kitu kimoja, hesabu yake inaelekea mfukoni kwake. Viko vichwa ambavyo uzi unapitishwa kutoka jicho hili hadi jicho lile, kisha unazungusha kifuniko mpaka uzi wote unajiviringa wenyewe, bila kufungua kitu. Hivyo ni vizuri kwa mtu anayefanya kazi mbali na karakana. Bei yake huwa juu kidogo, lakini bobini isiyofunguliwa shambani haipotezi springi kwenye nyasi. Wakataji wanajua ni saa ngapi zimepotea duniani kwa kutafuta springi kwenye nyasi.

Namna ya kuviringa uzi ina umuhimu sawa na kichwa chenyewe. Fuata mshale uliochorwa kwenye bobini. Kunja uzi katikati ili pande mbili ziwe sawa, na kila upande ukae kwenye njia yake bila kuupanda mwingine. Usijaze bobini mpaka ukingoni, acha nafasi ndogo. Uzi wa upande mmoja ukiwa mrefu kuliko wa pili, kichwa kinayumba, na kuyumba huko kunapanda bombani mpaka kwenye mikono. Mtu aliyetetemeshwa hivyo siku nzima, miezi na miaka, vidole vyake vinaanza kufa ganzi, na wengine ncha za vidole zinageuka rangi wakishika maji ya baridi asubuhi. Huo ni ugonjwa wa kazi unaotokana na mtetemo wa mashini, wala si uchawi, na ukishaingia sana hauponi.

Kichwa cha pili ni cha vipande. Hakina bobini wala springi. Ni sahani tu, ya plastiki ngumu au ya alumini, yenye matundu mawili au manne. Mkataji anakata vipande vya uzi vya urefu sawa, anavipenyeza, basi. Wenye maduka hawakisifu sana kwa sababu hakina kitu cha kuuza baadaye. Sisi tunakisifu. Hakuna kinachokwama, hakuna kinachopotea, vumbi halikisumbui, na kinakubali uzi mnene ambao bobini nyingi haziukubali. Kwa kando za barabara, kwa mfano ile ya Vurra, Arua, Koboko hadi Oraba, ambako mfereji una kokoto zilizobaki za ujenzi na nyasi zake ni ngumu, na kwa viwanja vilivyotupwa mabaki ya matofali, tungechagua hiki.

Ubaya wake ni kwamba kila kipande kinapoisha lazima uzime mashini, uilaze, ubadilishe. Penye mawe mengi utazima mara nyingi. Mtu anayelipwa kwa uwanja, si kwa siku, anaona wakati wake unaliwa. Na hapo ndipo ajali zinapotokea, kwa sababu wengine hubadilisha kipande bila kuzima, injini ikiwa inanguruma polepole, wakitegemea klachi. Klachi iliyochakaa haimtii mtu. Zima kabisa. Andaa vipande thelathini au arobaini tangu nyumbani, vilivyokatwa sawa kwa kipimo kimoja, uvitie kwenye mfuko au kopo lenye maji kidogo. Kazi ya kubadilisha inakuwa fupi.

Kuna pia kichwa kinachojitolea uzi chenyewe bila kugongwa. Hicho ni cha mtu mwenye bustani ndogo ya nyumbani. Kwa kazi ya siku nzima kinapoteza uzi na ni kigumu kutengeneza. Na kuna vile vyenye mapanga mafupi ya plastiki yanayocheza kwenye pini. Vinakata vizuri nyasi zenye maji, ila panga likikutana na jiwe linavunjika, na kipande chake kinaruka. Penye mawe tusivitumie.

Sasa visu vya chuma. Viko vya meno mawili, matatu, na vile vya duara kama msumeno. Visu hivi vina kazi yake halali: mabingobingo, vichaka, miti midogo ya unene wa kidole, na njia za moto kwenye mashamba ya misitu. Mfanyakazi aliyepewa uzi ili akate mabingobingo atalala njaa. Lakini kisu kinataka mambo matatu ambayo hatuyaoni mara nyingi. Kinataka kinga yake, ambayo si ile ya uzi. Kinataka mkanda wa mabega mawili unaoshikilia mashini isifike miguuni hata ikiruka. Na kinataka ardhi isiyo na mawe wala vyuma. Kisu kikigusa kitu kigumu kwa upande wa mbele kulia, mashini inarushwa ghafla pembeni kwa nguvu kuliko mikono ya mtu. Kwa kawaida ya mashini nyingi zenye bomba lililonyooka, kichwa kinazunguka kuelekea kushoto kwa mbele, kwa hiyo unapofyeka na kisu, fyeka kutoka kulia kwenda kushoto, na utazame mshale kwenye giaboksi kuhakikisha.

Kisu kilichopinda hakinyooshwi kwa nyundo. Kisu chenye ufa hakichomelewi. Fundi wa kuchomelea atakubali, kwa sababu analipwa kuchomelea, lakini si yeye atakayekibeba. Ndani ya mji, karibu na soko, kituo cha basi au shule, tunasema wazi kwamba kisu cha chuma kisitumike kwa nyasi ambazo uzi unaweza kuzikata. Uzi ukigonga jiwe unakatika wenyewe, chuma kinaweza kurusha jiwe na pengine kurusha kipande chake.

Liko jambo moja ambalo hatuna maneno mawili juu yake. Wapo watu wanaotoa uzi na kutia waya wa chuma, waya wa breki za baiskeli, au vipande vya mnyororo, wakisema vinadumu. Vinadumu mpaka vinapokatika. Waya ukikatika katika mwendo ule ni risasi. Mnyororo ukiachia pete moja ni risasi nzito zaidi. Mwaka 2012 nchi za Umoja wa Ulaya zilikataza kuuzwa kwa vichwa vya aina hiyo, vya vyuma vilivyounganishwa, baada ya pete ya mnyororo kuchomoka na kuua mtu. Vitu vilivyokataliwa kwa wengine havipaswi kuletwa kwetu kama maendeleo. Msimamizi akikupa kichwa cha mnyororo, kikatae, na umwite mwakilishi wa chama siku hiyo hiyo.

Tukija kwenye uzi wenyewe, unene wake hupimwa kwa milimita na huandikwa kwenye pakiti: 2.0, 2.4, 2.7, 3.0, 3.3. Mashini ndogo, ya injini ya kiasi cha sentimita za ujazo 25, itosheke na uzi wa 2.0 au 2.4. Mashini kubwa kama hizi nyingi zilizoenea sasa, za 43 na 52, zinabeba 2.4 hadi 3.0 vizuri. Watu hufikiri uzi mnene ni nguvu zaidi. Kwa mashini ndogo uzi mnene ni mzigo. Injini inalia, klachi inaungua, na petroli inaisha upesi huku nyasi zikikatwa vibaya. Vivyo hivyo kwa uzi mrefu kupita kiasi. Wapo wanaong'oa kinga ili uzi uwe mrefu na wakate eneo pana. Wanaua injini ya tajiri na wanayaweka wazi macho na miguu yao kwa wakati mmoja. Kinga si pambo. Kile kisu kidogo kilicho juu yake ndicho kinachoilinda injini.

Umbo la uzi nalo si mchezo. Wa mviringo unatoka vizuri kwenye bobini na unavumilia kuta na mawe. Wa pembe nne, au wa umbo la nyota, una makali, unakata nyasi ngumu kwa urahisi, lakini ukigusa ukuta unalika haraka. Uliosokotwa unapunguza kelele kidogo. Rangi haina maana yoyote, ingawa kila muuzaji ana hadithi juu ya rangi. Uzi wa nyavu za samaki usitumike kwa mashini hizi za kazi, mwanzo wa jambo hili ulikuwa huo lakini mwaka 1971 umepita.

Na kuna siri ya nailoni ambayo wakataji wengi hawajaambiwa. Nailoni inakunywa maji. Ikiwa na unyevu inakuwa laini na ngumu kukatika, ikikauka inavunjika kama kijiti. Uzi uliokaa dukani chini ya bati, au uliokaa stoo tangu mwezi wa kumi na mbili mpaka wa tatu katika kiangazi chetu, ni mkavu kabisa. Uloweke kwenye ndoo ya maji usiku mzima kabla ya kuutumia, kisha uuhifadhi kwenye mfuko usiopitisha hewa pamoja na kitambaa chenye maji. Maji hayagharimu kitu, na uzi ule ule unakata eneo kubwa zaidi.

Upande wa kufunga, angalia mambo mawili. Kwanza, hesi ya mashini nyingi za bomba lililonyooka ni ya kushoto: unafungua kwa kuzungusha upande ambao nati ya kawaida ingekaza. Wengi wameharibu giaboksi kwa kutojua hilo. Penyeza bisibisi au pini kwenye tundu la giaboksi ili shafti isizunguke, ndipo ufungue. Beba kichwa cha zamani unapokwenda dukani, ulinganishe hesi na hesi, usikubali kulazimishiwa kwa wosha na kamba. Pili, kwenye kichwa kizuri imeandikwa idadi ya juu ya mizunguko kwa dakika. Idadi hiyo isiwe chini ya ile iliyoandikwa kwenye mashini. Kichwa kisichoandikwa chochote kiache kwenye rafu.

Sasa swali ambalo kwa chama ndilo kubwa: nani analipa?

Nyasi nyingi za mji hukatwa na watu walioajiriwa na wenye zabuni. Mwenye zabuni anapata kazi ya viwanja kadhaa, anawapa vijana mashini, na anawalipa kwa uwanja. Tumesikia malalamiko kwamba uzi unakatwa kwenye malipo ya mfanyakazi, na kichwa kikivunjika kinakatwa chote. Tuchukue mfano tu, namba zake ni za kuonyesha hesabu. Kijana analipwa shilingi 15,000 kwa uwanja mmoja. Uwanja una mawe, anamaliza uzi wa shilingi 4,000. Akikatwa, amebaki na 11,000 na bado hajala. Kesho yake ataogopa kutoa uzi, atakata na uzi mfupi ulioisha, nusu ya mwendo, na nusu ya kazi; au atatia waya. Kwa hiyo anayemkata mfanyakazi gharama ya uzi ndiye anayemsukuma kwenye waya. Hatusemi hivyo kwa hasira, hesabu ndiyo inayosema.

Sheria ya Ajira ya mwaka 2006 haimpi mwajiri ruhusa ya kukata mshahara apendavyo. Sheria ya Usalama na Afya Kazini, ya mwaka huo huo wa 2006, inamtaka mwajiri aweke mahali pa kazi na vifaa vya kazi katika hali ya usalama, na atoe vifaa vya kujikinga. Kwa mkataji nyasi vifaa hivyo ni miwani au kioo cha uso, vizuizi vya masikio, glovu, suruali nzito na gambuti ngumu. Juu ya masikio tuseme neno moja: wataalamu wa afya ya kazi hushauri kelele ya desibeli 85 isizidi saa nane kwa siku, na ikifika desibeli 100, ambayo si ajabu kwa mashini hizi, isizidi robo saa. Wenzetu wanakaa nayo saa tano, pamba haitoshi. Kaniki iliyofungwa usoni nayo inazuia vumbi kidogo, haizuii jiwe.

Kwa hiyo mnapokaa na mwajiri kuandika makubaliano, msiandike tu "vifaa vya kazi vitatolewa". Neno hilo ni pana na halishiki kitu. Andikeni: uzi, kichwa, vitufe na springi, kinga, mkanda na miwani ni juu ya mwajiri. Andikeni kwamba mkataji mwenyewe ataamua kama uwanja ni wa uzi au wa kisu baada ya kuukagua. Andikeni malipo tofauti kwa uwanja wenye mawe, maana uwanja huo unakula muda na uzi. Kwenye mashamba makubwa yenye makubaliano na chama mambo haya yanaweza kuongezwa wakati wa mazungumzo ya mwaka. Kwa wenye zabuni ndogo itabidi tuwafuate mmoja mmoja, na tunaomba wakataji wa Koboko na Arua watuletee majina ya viwanja na namna wanavyolipwa, ili tusiende mikono mitupu.

Kwa wale wenye mashini zao wenyewe, ambao hawana mwajiri ila wateja, ushauri wetu ni kununua kwa pamoja. Pakiti ndogo ya mita chache ndiyo ghali kuliko zote ukihesabu kwa mita. Watu watano au sita wakitoa fedha na kununua roli kubwa, kisha wakagawana kwa kupima, kila mmoja anapata nafuu. Roli moja ikae kwa mtu mmoja mwaminifu, ndani ya ndoo yenye kifuniko, mbali na jua. Na wachague wote kichwa cha aina moja, ili kitufe cha huyu kimfae yule siku kikiisha mbali na mji.

Tusisahau mbuzi. Vipande vya uzi vinavyokatika vinabaki kwenye nyasi, na nailoni haiozi. Huku kwetu nyasi zilizokatwa huliwa na mbuzi na ng'ombe wa jirani, wengine huzibeba kabisa kwa mafungu kupelekea mifugo. Okota vipande virefu, na zuia watu wasibebe nyasi za eneo ulilotumia uzi mwingi. Kesi ya mbuzi wa mtu inaweza kula malipo ya wiki.

Ajali ikitokea pamoja na tahadhari zote, jiwe likiingia jichoni, usisugue, usitoe kitu kilichochoma kwa mkono, wala usiruhusu mtu akutilie majani au maziwa. Funika jicho bila kulikandamiza uende hospitali, na jicho likichomwa na kitu usingoje kesho. Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2000 inampa haki mfanyakazi aliyeumia kazini, lakini haki hiyo inataka taarifa. Mwajiri aambiwe mapema, kwa maandishi, mbele ya mashahidi, na nakala ipelekwe kwa afisa wa kazi wa wilaya au wa jiji na kwa mwakilishi wa chama. Pata karatasi ya daktari, uitunze. Kichwa kilichopasuka, kisu kilichovunjika au uzi uliokatika usitupwe wala usirudishwe stoo. Utiwe kwenye mfuko, uandikwe tarehe, jina la mkataji na mahali, na uletwe pamoja na hiyo taarifa.